Faith No More ni nani hasa?

Mara ya kwanza kuwasikia Faith No More, bendi ya roki ya San Francisco, nilidhani ni Lionel Richie kapata mafua. Ilikuwa usiku, redio iko chini, na wimbo ulikuwa "Easy", uleule wa 1977 wa Commodores, bendi ya zamani ya Richie, ambao redio zetu hupenda kuupiga Jumapili usiku watu wakipiga pasi nguo za Jumatatu. Kinanda kilekile, mwendo uleule wa kujikokota. Kisha, gitaa lilipokaribia kuingia, mwimbaji akaguna kama mtu aliyepigwa kiwiko cha tumbo. Richie haguni namna ile. Mtangazaji alipotaja jina la bendi nikaliandika nyuma ya daftari.

Baadaye nikapata wimbo wao mwingine, "Caffeine". Humo kuna mtu anakoroma, ananong'ona, halafu anapiga ukelele kama kafungiwa stoo na funguo zimepotea. Nikapata wa tatu, "We Care a Lot", na aliyeimba humo hakuwa hata yule wa mwanzo: anaimbia puani, nje kidogo ya ufunguo, kama mjomba aliyekabidhiwa maikrofoni harusini baada ya chupa ya nne. Nyimbo tatu, jina moja la bendi, na mimi sijui tena ninasikiliza nini.

Mkanganyiko huo unawapata wengi, na sababu yake ni namna tulivyozoea kuifuata bendi ya roki. Tunamtazama mwimbaji, kisha mpiga gitaa, halafu wengine tunawahesabu kama wasindikizaji. Ukiifuata Faith No More hivyo utakuwa umemshika ng'ombe mkia na huku unataka maziwa. Waimbaji wake walibadilika. Wapiga gitaa walibadilika zaidi, kiasi kwamba albamu tatu za miaka ya 1992 hadi 1997 zina wapiga gitaa watatu tofauti. Ambao hawakubadilika ni watatu wa nyuma: Billy Gould kwenye besi, Mike Bordin kwenye dramu na Roddy Bottum kwenye kinanda. Albamu zote saba za studio zina majina hayo matatu. Hao ndio bendi. Wengine wote, hata mwimbaji Mike Patton ambaye dunia inamjua kuliko wao, walikuta nyumba imeshajengwa.

Kabla ya kwenda mbali, neno "metali mbadala", ambalo ndilo jina muziki wao huitwa, linahitaji maelezo mafupi, maana limetumika hadi limechakaa. Katikati ya miaka ya 1980 metali, yaani roki ya gitaa zito, ilikuwa na njia kuu mbili Marekani. Moja ilikuwa ya Los Angeles, ya vijana wenye nywele zilizopuliziwa dawa na suruali za kubana, wakiimba juu ya wasichana na magari. Nyingine ilikuwa ya kasi na hasira, ya akina Metallica na Slayer. Waliokuja kuitwa mbadala walichukua uzito wa gitaa la metali lakini wakakataa sheria zake: wakatia panki, fanki, rapu, mdundo wa disko, chochote kilichokuwa karibu. Jane's Addiction walikuwa humo, Primus, Helmet, baadaye Tool. Faith No More walifika mapema, na walifika kwa mlango wa nyuma, kwa sababu watatu wale hawakuwa wanametali hata kidogo.

Gould na Bottum walikua pamoja Los Angeles, wakahamia eneo la Ghuba ya San Francisco kwa ajili ya masomo. Bottum alisomea piano utotoni. Bordin alikuwa kijana wa hukohuko kwenye ghuba, na alipokuwa Berkeley alijifunza upigaji wa ngoma za Afrika Magharibi. Hilo si pambo la wasifu. Msikilize Bordin vizuri: hapigi dramu za metali za kukimbizana, anapiga kama mtu anayetwanga. Pigo linazama, linarudi, linazama palepale, na ngoma kubwa za pembeni zinafanya kazi ambayo wapigaji wengine wangeiachia matoazi. Zaidi ya hapo ana mkono wa kushoto lakini hupiga seti iliyopangwa kwa mtu wa mkono wa kulia, toazi lake la mwendo likiwa upande wa kushoto, kwa hiyo mikono yake haipishani kama ya wengine. Sauti yake inatambulika hata ukiisikia kutoka chumba cha jirani.

Gould na Bordin walikutana kwenye bendi iliyoitwa Faith No Man. Mwimbaji na mpiga gitaa wake alikuwa Mike Morris, na walirekodi naye singo moja mwaka 1982. Bottum akaingia kwenye kinanda baadaye kidogo. Ilipofika hatua watatu hawa hawamtaki tena Morris, hawakumfukuza. Waliondoka wao, wote watatu, wakamwachia bendi akiwa peke yake. Morris alikuwa akiitwa "the Man", yaani yule bwana mkubwa, na kwa kuwa bwana mkubwa hayupo tena, rafiki yao mmoja akapendekeza jina: Faith No More. Kwa hiyo bendi hii ilizaliwa kwa kumwacha mwimbaji. Kila kilichofuata kimerudia tukio hilo kwa namna moja au nyingine.

Mwanzoni hawakuwa hata na haraka ya kumpata mwingine. Watatu walitengeneza mdundo mmoja, wakauzungusha na kuuzungusha, na mbele yao akasimama yeyote aliyekuwa tayari. Mmojawapo alikuwa Courtney Love, kabla hajawa Courtney Love wa bendi ya Hole na mke wa Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana. Aliimba nao kwa miezi michache, wakamwondoa, ingawa urafiki wake na Bottum ulibaki. Wapiga gitaa nao walipita mmoja baada ya mwingine hadi alipokuja Jim Martin, ndevu, miwani na nywele ndefu, mwanametali halisi aliyependekezwa na Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica, aliyewafahamu Martin na Bordin tangu ujana.

Hapa ndipo sauti ilipopatikana, na inafaa tukae kidogo. Katika metali ya kawaida gitaa ndilo linaloandika wimbo: mpiga gitaa anakuja na mkong'oto wake, yaani "riff", kipande kifupi kinachorudiwa-rudiwa, wengine wanaufuata. Kwa Faith No More mkong'oto unatoka kwenye besi. Gould anaigonga besi kama chombo cha kugongwa, imeshikana na dramu za Bordin hadi huwezi kupitisha wembe katikati. Juu yake Bottum hapigi vinanda vya mbwembwe vya kukimbiza vidole. Anaweka akodi pana, nzito, za taratibu, kama muziki wa filamu mtu anapopanda ngazi gizani. Gitaa la Martin linaingia mwisho, kwenye nafasi iliyobaki, na kwa kuwa nafasi ni ndogo linapiga kwa vipande vifupi vyenye ncha. Mtu akikuuliza kwa nini bendi hii iliweza kubadilisha wapiga gitaa bila kupoteza sura yake, jibu ni hilo. Gitaa lilikuwa rangi ya ukuta.

Mwimbaji wa albamu mbili za kwanza ni Chuck Mosley, aliyewahi kupiga na Gould katika bendi nyingine huko Los Angeles. Hakuwa na sauti nzuri na hakujidai kuwa nayo. Nusu aliimba, nusu alirapu, na mara nyingi hukuweza kujua amehama lini. Albamu ya kwanza, "We Care a Lot", ilitoka 1985 kwa lebo ndogo ya San Francisco, Mordam, ikisimamiwa na fundi kijana Matt Wallace, ambaye angekaa nao hadi 1992. Wimbo uliobeba jina la albamu unawadhihaki wasanii waliogundua ghafla kwamba wanaujali ulimwengu. Kumbuka mwaka wenyewe. Ndio mwaka wa Live Aid, wa nyota wa London na Philadelphia wakiimba kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Mosley anaorodhesha majanga kama mtu anayesoma bei sokoni na kila mara anarudia kwamba tunajali sana. Sisi wa upande huu wa Afrika tuliozoea kuonewa huruma kwenye televisheni za watu tuna sababu ya kucheka na wimbo ule kwa namna yetu wenyewe.

Lebo ya Slash, iliyokuwa na mkono wa Warner nyuma yake, ikawachukua. "Introduce Yourself" ikatoka 1987 ikiwa na toleo jipya la wimbo huohuo, MTV ikaupiga kidogo, ziara za Uingereza zikafuata. Mosley akaanza kuwa mzigo. Alikunywa, aligombana na wenzake, na kwenye sherehe ya kuzindua albamu alilala jukwaani. Mwaka 1988 wakamwondoa. Nina huruma naye kuliko mashabiki wengi. Sauti yake mbovu ndiyo iliyofungua mlango wa kurapu juu ya gitaa zito, na waliofaidika na mlango huo wakawa wengine.

Sasa Patton. Alitoka Eureka, mji wa kaskazini kabisa mwa California, misitu, mvua na duka la kaseti, na alikuwa na bendi yake ya shule, Mr. Bungle, iliyocheza mchanganyiko ambao hata Faith No More waliuona ni wa kichaa. Faith No More walikuwa na kaseti ya bendi hiyo. Wakamwita Patton. Mwanzoni mwa 1989, akiwa hajafikisha hata miaka 21, alikuta muziki wa albamu nzima umeshatungwa. Alichotakiwa kuleta ni maneno na melodia, na alivileta katika muda wa kama wiki mbili. "The Real Thing" ikatoka Juni 1989.

Ndiyo maana nasema nyumba ilikuwa imeshajengwa. Watu husikia albamu ile na kusema Patton ameifanya bendi. Ukweli ni kwamba misingi, kuta na paa vilikuwapo, yeye akaingia na funguo na kuwasha taa. Lakini nisimpunje: taa zenyewe zilikuwa kali mno. Alikuwa na sauti ambayo iliweza kupanda, kushuka, kukwaruza na kubembeleza ndani ya mstari mmoja.

"Epic" ndio mfano unaofaa kupimwa kwa karibu. Dramu za Bordin zinaingia kwa kutwanga, gitaa linapiga vipande vitatu vinne na kunyamaza, Patton anarapu kwa sauti ya pua ambayo kusema kweli leo inasikika ya kitoto. Halafu kiitikio kinafunguka, kinanda cha Bottum kinapanuka chini yake, na wimbo mdogo unakuwa mkubwa kama uwanja. Maneno yanakizungukia kitu ambacho hakitajwi hata mara moja, unakitaka wala hukipati, na msikilizaji anaachiwa akijaze mwenyewe. Mwishoni gitaa linapasua, linazima, na kinabaki kinanda peke yake kikipiga taratibu, kama mtu aliyebaki kufagia ukumbi watu wakishaondoka. Wimbo wa metali unaomalizwa na mpiga kinanda! Kwenye video kinanda kinalipuka na samaki anatapatapa nje ya maji, na watetezi wa wanyama wakaja juu kwa ajili ya yule samaki.

Wimbo haukupaa siku ya kwanza. Albamu ilikaa sokoni miezi mingi bendi ikizunguka kumbi ndogo, hadi MTV ilipoanza kuirudia video hiyo mwaka 1990. Hapo "Epic" ukafika nafasi ya 9 kwenye chati kuu ya Billboard na namba moja Australia, albamu nayo ikafika ya 11 Marekani. Aprili mwaka huohuo walirekodiwa jukwaani Brixton Academy, London, na Januari 1991 wakasimama mbele ya umati wa tamasha la Rock in Rio, Brazil. Anthony Kiedis wa Red Hot Chili Peppers akalalamika hadharani kwamba Patton anamwiga, ugomvi uliodumu miaka kumi na kwa maoni yangu haukustahili hata wiki.

Baada ya hapo kampuni ilitaka "Epic" nyingine. Yeyote angetaka. Badala yake wakaleta "Angel Dust", Juni 1992, na mimi sioni aibu kusema hiyo ndiyo albamu kubwa kuliko zote walizowahi kutengeneza na mojawapo ya albamu za ajabu zaidi kuwahi kulipiwa na kampuni kubwa. Jaladani mbele kuna yangeyange mweupe, shingo imejikunja, mzuri kama picha ya kalenda. Geuza nyuma: nyama ya ng'ombe imetundikwa kwenye ndoano. Ndivyo muziki wenyewe ulivyo.

Safari hii Patton alikuwa ndani ya utunzi tangu mwanzo. Akakusanya maneno kutoka karatasi za bahati zinazowekwa ndani ya biskuti za migahawa ya Kichina, akajinyima usingizi kwa makusudi aone kichwa kitatoa nini. Gould na Bottum wakajaza nyimbo kwa vipande walivyovikata kutoka rekodi nyingine. Katika "Malpractice" kuna sekunde chache za Kronos Quartet, kundi la fidla, wakipiga muziki wa Shostakovich, mtunzi wa Urusi. Katika "Midlife Crisis" mdundo unasimama juu ya kipande cha dramu za "Cecilia" ya Simon na Garfunkel, wimbo wa furaha tupu, na juu yake Patton ananguruma chini ya pumzi hadi kiitikio kinapoinuka kwa sauti zilizopandana kama kwaya. Wimbo huo ulishika namba moja kwenye chati ya roki ya kisasa ya Billboard. Kuna kisa wanabendi wamekisimulia mara nyingi, cha mkubwa wa kampuni aliyekwenda studio, akasikiliza, kisha akasema anatumaini hakuna kati yao aliyekwisha kununua nyumba.

Hakukosea sana kwa upande wa Marekani. Albamu iliingia kumi bora, ikashika ya 10, lakini haikuuza kama iliyotangulia. Ulaya mambo yalikuwa mengine: Uingereza ilifika ya 2, na "Easy" ikatoa pigo jingine, nafasi ya 3. Ule wimbo wa Commodores walikuwa wakiupiga jukwaani kwa uchokozi tu. Walikwisha kurekodi "War Pigs" ya Black Sabbath, mashabiki wa metali wakawa wanaidai kila usiku, basi wao wakaanza kuwapa Lionel Richie. Uchokozi ukageuka kuwa mojawapo ya nyimbo zilizowaingizia wasikilizaji wengi kuliko zote. Mimi ni ushahidi.

Majira ya joto ya 1992 walikuwa wakifungua ziara ya viwanja ya Guns N' Roses na Metallica. Kwa bendi nyingine ingekuwa kilele. Hawa waliwakejeli waajiri wao kwenye mahojiano hadi wakaitwa kujieleza.

Aliyeumia zaidi na "Angel Dust" ni Jim Martin. Alikuwa mtu wa gitaa zito lisilo na porojo, baba yake alifariki kipindi hicho, na albamu iliyokuwa ikitengenezwa haikumpendeza. Sehemu kadhaa za gitaa zilipigwa na wenzake. Mwishoni mwa 1993 akawa nje. Bottum amesema walimfukuza kwa faksi. Martin mwenyewe anashikilia kwamba uamuzi wa kuondoka ulikuwa wake. Faksi inaweza kuwa imetumwa na mtu anaweza kuwa amekwisha kuamua kabla mashine haijalia, kwa hiyo sioni lazima ya kuchagua upande. Kinachojulikana ni kwamba baadaye aligeukia kulima maboga makubwa ya mashindano, yale yanayobebwa kwa mashine, na akafanikiwa. Kila ninapoisikia rekodi ya Brixton namfikiria akiwa na jembe.

Ukitaka kuona kwamba kanuni ya watatu inaweza kuyumba, angalia kilichofuata. "King for a Day... Fool for a Lifetime" ya 1995 ilitengenezwa studio ya Bearsville, jimbo la New York, na Andy Wallace, asiye na undugu na Matt. Gitaa lilishikwa na Trey Spruance, mwenzake Patton wa Mr. Bungle. Lakini albamu hiyo karibu haina kinanda. Bottum alikuwapo kwa jina. Baba yake alifariki, rafiki yake Kurt Cobain alijiua Aprili 1994, na yeye mwenyewe alikuwa anapambana kutoka kwenye heroini. Mwaka uliotangulia, 1993, alitangaza hadharani kuwa ni shoga, jambo ambalo katika dunia ya metali ya wakati ule halikuwa limezoeleka hata kidogo. Mguu mmoja wa meza ulipopungua, meza ilisimama kwa kuegemea gitaa, na ndiyo maana hii ni albamu yao kavu na kali kuliko zote. "Digging the Grave" ni wimbo mzuri wa roki. Ungeweza kupigwa na bendi nyingine, na sisemi hivyo kwa sifa.

Spruance aliondoka kabla ya ziara kuanza. Dean Menta, aliyekuwa fundi wa vinanda vya Bottum, akapandishwa jukwaani na gitaa. Kufikia 1997 gitaa liko kwa Jon Hudson, rafiki wa Gould, mtulivu, asiye na mbwembwe, ambaye bila kelele yoyote amekaa na bendi miaka mingi kuliko mpiga gitaa yeyote aliyemtangulia. Albamu ilikuwa "Album of the Year", jina la kejeli, na jaladani yumo Tomáš Masaryk, rais wa kwanza wa Czechoslovakia. Ndani ya jalada kuna picha za mazishi yake. Bendi iliyoweka jeneza kwenye jalada lake ilikuwa inasema kitu. "Ashes to Ashes" na "Last Cup of Sorrow" zinasimama vizuri hata leo, nyingine zinasikika kama watu wanaoheshimiana sana kiasi cha kutoweza kuambiana kwamba wamechoka.

Walipiga Lisbon tarehe 7 Aprili 1998. Kabla mwezi haujaisha Gould akatangaza kwamba bendi imekwisha.

Wakatawanyika kwa namna inayoonyesha tena nani alikuwa nani. Bordin, ambaye alikwisha kuanza kumpigia Ozzy Osbourne, alikalia hata kiti cha dramu cha Black Sabbath kwenye ziara ya 1997. Bottum alikuwa na Imperial Teen, bendi ya nyimbo tamu za pop. Gould akaanzisha lebo ya Koolarrow. Patton akaanzisha ya kwake, Ipecac, mwaka 1999, na akaingia kwenye miradi mingi kiasi kwamba kuihesabu ni makala nyingine: Fantômas, Tomahawk, Peeping Tom.

Wakati wao hawapo, watoto wao walikuwa wanaujaza ulimwengu. Korn, Deftones, System of a Down, Slipknot: wote walinywea kisima hiki. Corey Taylor wa Slipknot amesimulia jinsi kuwaona wakitumbuiza kwenye tuzo za MTV mwaka 1990 kulivyombadilishia maisha. Patton hakufurahishwa na ukoo huo, na amesema hivyo kwa maneno makali. Naona sababu. Wengi waliofuata walichukua rapu na gitaa, wakakiacha kinanda, na pamoja nacho ucheshi.

Mwaka 2009 walirudi, na shoo ya kwanza, Juni, ilikuwa palepale Brixton Academy. Wakiwa wamevaa suti walifungua na "Reunited", wimbo wa mapenzi wa Peaches na Herb. Martin hakuwemo, gitaa lilibaki kwa Hudson. Walizunguka hadi 2012 bila albamu mpya, wakiishi zaidi kwa kumbukumbu, jambo lililomkera Gould. Katikati ya "Midlife Crisis" walikuwa wakinyamaza ghafla na kuwaacha watu waimbe kiitikio peke yao, kisha wanapachika kipande cha wimbo wa mtu mwingine kabla ya kumalizia. Julai 2014, Hyde Park, wakifungua kwa ajili ya Black Sabbath wakiwa wamevaa kama mapadri, walipiga nyimbo mbili mpya. "Sol Invictus" ikatoka Mei 2015 kwa lebo yao wenyewe, imerekodiwa na Gould kwenye chumba chao cha mazoezi Oakland. Kinanda kimerudi mahali pake. Ukiisikiliza baada ya "King for a Day" unatambua ni nini kilikuwa kimekosekana.

Agosti 2016 walifanya kitu ambacho wengi hawakukitarajia: wakasimama nyuma ya Chuck Mosley, California, wakapiga nyimbo za 1985 kusherehekea kutolewa upya kwa albamu ya kwanza. Hawakutumia jina la Faith No More kwenye tangazo, ingawa waliokuwa jukwaani walikuwa ndio hao. Mosley alifariki Novemba 2017, akiwa na miaka 57. Familia yake haikuficha kilichomuua: uraibu wa dawa za kulevya, ambao alikuwa amepigana nao muda mrefu.

Ziara kubwa ya 2020 ilizuiwa na korona. Ilipopangwa upya kwa 2021, ikiwemo shoo za Los Angeles ambamo wangesimama jukwaa moja na System of a Down na Korn, Patton alitangaza Septemba kwamba hawezi. Alisema ni afya ya akili, na baadaye akaeleza kwamba alipata hofu ya kutoka nje na kuwa katikati ya watu. Mwaka uliofuata alirudi jukwaani, lakini na Mr. Bungle.

Hapo ndipo swali langu la mwanzo linapogeuka. Watatu wale walimwacha Morris, wakamwondoa Courtney Love, wakamwondoa Mosley, na kila mara wakaendelea. Safari hii mwimbaji amebaki nyuma, wao wapo, Hudson yupo, nyimbo zipo, na hawajamtafuta mwingine. Tangu hapo Faith No More haijapanda jukwaani.